Paipu za Breki katika Gari la Zamani Lililobadilishwa: Presha Hupita Wapi na Hukwama Wapi

Gari la zamani linaloonekana leo katika barabara za Uganda, liwe Land Rover ya Series, Volkswagen Beetle au Peugeot 404 ya aina ile iliyoshinda mbio za Safari mara nne katika miaka ya 1960, ni nadra kuwa na mwili mmoja na asili moja. Tangu mwaka 2018 sheria inazuia kuingiza nchini magari yaliyopita miaka 15 tangu yalipotengenezwa, kwa hiyo yaliyopo ndiyo yayo hayo, na vipuri vyake vya asili hupatikana kwa shida. Mwenye gari huishia kwenye maduka ya Kisekka na gereji za Ndeeba jijini Kampala, ambako Toyota ndiyo mfalme. Injini inatoka kwenye Hilux, ekseli ya mbele yenye diski inatoka kwenye Land Cruiser, masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, inatoka kwenye gari ambalo hata muuzaji halikumbuki. Injini hushughulikiwa kwa wiki nzima na kila mpita njia huitolea maoni. Breki huachwa hadi mwisho, na fundi huambiwa aunganishe paipu tu ili gari litoke.

Neno hilo "tu" ndilo lenye matata. Katika gari lililotoka kiwandani, wahandisi walikwisha kupatanisha pedali, masta silinda, valvu, paipu na magurudumu kabla gari halijauzwa. Katika gari lililounganishwa kutoka magari matatu, upatanishi huo haupo mpaka mtu aufanye, na mahali pa kuufanya ni kwenye paipu, kwa sababu hapo ndipo maamuzi ya viwanda visivyojuana yanapokutana.

Tuanze na mguu wa dereva. Pedali ni wenzo: umbali kutoka kwenye egemeo lake hadi mahali mguu unapokanyaga, ukigawanywa kwa umbali kutoka kwenye egemeo hilo hadi kwenye fimbo ya kusukuma, hutoa uwiano wa pedali. Kwa breki zisizo na busta, yaani kifaa cha kuusaidia mguu kwa nguvu ya ziada, uwiano unaofaa ni takriban 6 kwa 1. Kwa breki zenye busta, takriban 4 kwa 1. Dereva akikanyaga kwa nguvu ya kilo 30 kwenye pedali ya 6 kwa 1, fimbo inaisukuma masta silinda kwa kilo 180. Masta silinda yenye kipenyo cha milimita 25.4, yaani inchi moja, ina eneo la sentimita za mraba 5.07, na kwa hiyo inazaa presha ya kilo 35 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ukiweka masta silinda ya inchi robo tatu, yenye milimita 19, mguu ule ule unazaa kilo 63 kwa sentimita ya mraba.

Hapo wengi hudhani kwamba ndogo ni bora, lakini hesabu ina upande wa pili. Pistoni ikisogea milimita 20, masta silinda ya inchi moja inasukuma sentimita za ujazo 10 za mafuta ya breki, na ile ya inchi robo tatu inasukuma chini ya 6. Kalipa za Land Cruiser, yaani vibano vinavyozibana pedi kwenye diski, zina pistoni kubwa na zinahitaji mafuta mengi ili pedi zifike kwenye diski. Zikilishwa na masta silinda ndogo, pedali hushuka hadi sakafuni kabla gari halijashikwa. Kinyume chake, masta silinda kubwa kupita kiasi hutoa pedali ngumu kama jiwe, ambayo fundi ataisifu gari likiwa limesimama na dereva ataijutia litakapokuwa mwendoni. Njia yenye uhakika zaidi ni kuchukua masta silinda ya gari lile lile lililotoa kalipa, kisha kuupima uwiano wa pedali na kuurekebisha kwa kuhamisha tundu la fimbo ya kusukuma.

Busta nayo ina sharti lake. Hufanya kazi kwa mvuto wa hewa, na injini ya petroli huutoa mvuto huo kwenye manifoldi yake ya kuingizia hewa. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha hapo, ndiyo sababu dizeli nyingi za Hilux huwa na pampu ndogo ya mvuto nyuma ya altaneta. Mtu akipachika injini ya dizeli kwenye Land Rover lakini akaweka altaneta ya kawaida, busta yake ni pambo.

Baada ya hapo linakuja suala la njia ngapi. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwa na njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne: paipu moja ikipasuka, breki zote zinakwenda nayo. Ford ya Marekani, tukumbuke, haikuacha breki za fimbo na nyaya mpaka magari yake ya mwaka 1939, kwa hiyo hata ile njia moja ilionekana ni maendeleo makubwa. Kwa gari linalojengwa upya leo sioni sababu yoyote ya kubakiza njia moja. Masta silinda yenye vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, hubakiza breki za magurudumu mawili pale upande mmoja unapovuja. Jambo la kuangaliwa ni kwamba tundu lililo karibu na dereva si lazima liwe la magurudumu ya nyuma. Kila mtengenezaji ana mpango wake, na unapaswa kufuatwa mpango wa gari lililotoa masta silinda hiyo, si desturi ya gereji.

Sasa tuingie kwenye valvu ndogo ambazo hazionekani, kwa sababu hizo ndizo huwafanya watu wabadilishe pedi na kalipa bure. Breki za dramu za zamani, zile zenye viatu vinavyotanuka ndani ya ngoma, zilihitaji presha ndogo ibaki ndani ya paipu hata mguu ukiwa umeondoka, takriban paundi 10 kwa inchi ya mraba, ili midomo ya raba ndani ya silinda za gurudumu iendelee kubana ukuta na isiingize hewa. Kwa sababu hiyo masta silinda nyingi za magari ya dramu zina valvu ya kubakiza presha iliyofichwa ndani ya tundu la kutolea mafuta. Breki ya diski haina springi ya kuirudisha pedi nyuma. Pistoni hurudishwa kidogo tu na kunyumbuka kwa sili yake. Ukiilisha diski kwa masta silinda ya dramu, zile paundi 10 huikandamiza pedi juu ya diski wakati wote: gari huwa zito, rimu huwaka moto, na petroli huisha upesi. Dawa ni kuitoa valvu hiyo kwenye tundu linalolisha diski, au kutumia masta silinda iliyokusudiwa diski mbele na dramu nyuma.

Kuna hali moja inayodai valvu ya kubakiza presha hata kwa diski, nayo ni pale masta silinda inapofungwa chini ya sakafu, kama ilivyo katika magari mengi ya kale yenye pedali inayopenya sakafu. Kalipa zikiwa juu kuliko chombo cha mafuta, mafuta hurudi chini yenyewe na pedali huhitaji kukanyagwa mara mbili. Hapo huwekwa valvu ya paundi 2 tu kwa inchi ya mraba, inayozuia mafuta yasirudi lakini isiyotosha kuikandamiza pedi. Masta silinda ikiwa juu, kwenye ukuta wa injini, valvu hiyo haina kazi.

Valvu nyingine ni ile ya kugawa presha. Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Yakipokea presha sawa na ya mbele yatafunga kwanza, na gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yamefunga hutaka kugeuka likatangulize mkia. Land Rover fupi au pikapu isiyo na mzigo huathirika zaidi. Valvu inayorekebishika kwa mkono, iliyowekwa kwenye paipu ya nyuma peke yake, huipunguza presha ya nyuma mpaka mizani ipatikane. Kiwandani, magari ya diski mbele na dramu nyuma mara nyingi huwa pia na valvu inayochelewesha diski kidogo ili viatu vya dramu vipate kuzishinda springi zake kwanza. Ikiwezekana kuipata kutoka gari lililotoa ekseli, ichukuliwe nzima pamoja na kasha lake.

Paipu yenyewe kwa kawaida ni ya milimita 4.75, ambayo ni inchi 3/16, yenye unene wa ukuta wa milimita 0.7 hivi. Chuma cha kuta mbili kinafaa na ni rahisi kupatikana, lakini hushika kutu. Mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye takriban asilimia 10 ya nikeli haushiki kutu, hupinda kwa mkono na hufunguka mdomo vizuri. Mimi ningeuchagua huo kila unapopatikana. Shaba tupu, ile ya mafriji, isitumike hata kama muuzaji anaapa kwamba imefunga magari mia, kwa sababu mtikisiko huifanya ngumu kidogo kidogo hadi ikatike. Vilevile kiungo cha kubana kwa pete, kile cha mabomba ya maji, hakina nafasi kwenye breki, wala utepe mweupe wa kuziba nyuzi hauna nafasi. Kiungo cha breki huziba kwa chuma kugusana na chuma kwenye mdomo wa paipu. Uzi wa nati kazi yake ni kukaza tu, na kipande cha utepe kikikatika huenda kuziba katundu kadogo ndani ya masta silinda.

Hapa kwenye uzi na mdomo ndipo makosa ya kutisha zaidi hufanyika, na inafaa tukae hapo. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani hutumia nati ya paipu ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Toyota, pamoja na magari mengi ya Ulaya bara, hutumia nati ya milimita 10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita moja. Ziweke mbili hizo kwenye kiganja na macho hayatakusaidia: moja ina kipenyo cha milimita 9.5, nyingine 10. Moja ina nyuzi 24 kwa inchi, nyingine kama 25. Spana nayo haisaidii, maana spana namba 11 inaweza kushika vizuri nati ya Kiingereza na nati ya Ulaya pia. Nati ya milimita 10 ikijaribiwa kwenye tundu la 3/8 hugoma baada ya mzunguko mmoja au miwili, na hapo fundi mvumilivu husimama. Hatari kubwa ni kinyume chake. Nati ya 3/8 huingia kwenye tundu la Toyota kwa ulaini wa kupendeza, hukaza kidogo, na hata hushika presha ya majaribio ndani ya gereji. Lakini imeshika ncha tu za nyuzi, na siku dereva atakapokanyaga kwa hofu nyuzi zitachunika. Kipimo rahisi ni vidole: nati sahihi huingia kwa vidole mpaka karibu mwisho, na ikiwa nusu ya njia haichezi kushoto na kulia. Ikicheza, si yake. Mahali asili mbili zinapokutana paipu itengenezwe na nati ya aina moja upande huu na ya aina nyingine upande ule, au kiwekwe kiungo cha kubadilishia kilichochongwa kwa kazi hiyo.

Mdomo wa paipu una hadithi ile ile. Toyota na magari ya Marekani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili kwa pembe ya digrii 45, wenye umbo la faneli. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wenye umbo la kitufe, uliovimba kwa nje. Vifaa vya mbio hutumia mdomo wa digrii 37. Kila mdomo una kiti chake, na kuulazimisha mdomo wa faneli kwenye kiti cha kitufe kwa kukaza zaidi ni kuharibu vyote viwili: utavuja leo, au utaziba leo na uvuje baada ya mwezi. Kabla ya kukata paipu yoyote, tochi imulikwe ndani ya tundu. Kiti chenye koni inayotokeza nje kinataka faneli, na kiti kilichobonyea kinataka kitufe.

Kuutengeneza mdomo huo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye subira. Paipu hukatwa kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno, ili ncha iwe ya mraba. Kisha ncha hupigwa tupa, na makali ya ndani huondolewa kwa uangalifu huku paipu ikielekezwa chini ili chembe zisiingie ndani. Nati huvishwa kabla, ikitazama upande wake, kwa maana baada ya mdomo kufunguka haitapita tena. Kwa mdomo wa faneli, ncha huachwa itokeze nje ya vaisi ya kifaa kwa urefu ulio sawa na unene wa bega la kidude cha kwanza. Kidude hicho huivimbisha, kisha koni huusukuma ukingo urudi ndani na kujilaza juu yake wenyewe. Mdomo uliopinda upande mmoja au wenye ufa mwembamba kama unywele hukatwa na kazi huanza upya. Mkunjo mmoja tu hautoshi kwa paipu ya chuma ya kuta mbili, kwa kuwa ukingo hupasuka.

Njia ya paipu ifuate chasisi, kwa upande wa ndani ambako mawe ya barabara za vumbi hayaifikii, mbali na bomba la moshi, na ishikwe kwa vibanio kila sentimita 30 hadi 45. Inapopenya bati iwekewe raba. Isipande na kushuka bila sababu, kwa kuwa kila kilima katika paipu ni maskani ya hewa. Mpira wa breki huwekwa pale tu ambapo kitu kimoja kinasogea na kingine hakisogei, kama kati ya chasisi na ekseli. Baada ya kuufunga, usukani ukatwe kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, na gari liinuliwe kwa jeki ili ekseli ining'inie, kuona kama mpira unavutika au unagusa tairi. Mipira ya zamani ibadilishwe hata kama kwa nje inapendeza, maana ule uliovimba ndani hupitisha presha ya mguu na kukataa kuirudisha, na gurudumu hilo huendelea kufunga peke yake.

Kuhusu mafuta ya breki, aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi joto 205 au zaidi, na DOT 4 kwa 230. Yote mawili hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya vya kutosha viwango vyake vya chini hushuka hadi 140 na 155. Mafuta yaliyochemka huzaa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali hukosa kitu cha kusukuma. Kwa magari yanayoshuka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, au kutoka Fort Portal kwenda Bundibugyo, ningependekeza DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hayo mengine, ingawa DOT 5.1, licha ya jina, ni ndugu wa DOT 4. Mafuta ya injini hayaruhusiwi hata tone: huzivimbisha raba zote, na baada ya hapo hakuna la kuokoa ila kuzibadilisha zote na kuosha paipu.

Kabla ya kutoa hewa, masta silinda mpya hufungwa kwenye vaisi na kusukumwa polepole, vijibomba vikirudisha mafuta kwenye chombo chake, mpaka vipovu viishe. Ikisharudi kwenye gari, hewa hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, kwa kawaida ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto na la mbele kulia. Mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua nipu, yaani skrubu ndogo ya kutolea hewa, ambayo bomba lake laini limezamishwa kwenye chupa yenye mafuta safi, hufunga, na ndipo wa kwanza huachia. Ikiwa vipovu haviishi asilani, itazamwe kama kalipa ya kulia imefungwa kushoto: kalipa hizo hukaa vizuri kabisa zikibadilishana, lakini nipu huwa chini na hewa hubaki juu, na hakuna idadi ya kukanyaga itakayoitoa.

Kipimo kimoja husahaulika karibu kila mara. Kati ya fimbo ya kusukuma na pistoni ya masta silinda lazima kuwe na nafasi ya kama milimita moja pedali inapokuwa imeachiwa. Isipokuwepo, pistoni huziba katundu kanakorudisha mafuta kwenye chombo. Gari hutoka gerejini likiwa zuri, kisha katika foleni ya barabara ya Jinja mafuta hupata moto, hutanuka, hukosa pa kwenda, na breki hujifunga zenyewe. Anayelegeza nipu na kuona gurudumu limeachia ghafla amepata jibu lake: aende akapime fimbo, asiguse kalipa.

Jaribio la kwanza hufanyika gari likiwa juu ya stendi. Pedali hukanyagwa kwa nguvu zote na kushikiliwa dakika nzima, huku mtu mwingine akipangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe na kuitazama kama imelowa. Breki ya mkono, ambayo inapaswa kubaki ya waya na isitegemee mafuta kabisa, hujaribiwa peke yake kwenye mteremko. Ndipo gari litoke, mahali pa wazi, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na valvu ya nyuma ikazwe au ilegezwe mpaka magurudumu ya mbele yafunge kabla kidogo ya yale ya nyuma, kwanza likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida. Baada ya kilomita chache rimu zote nne ziguswe kwa tahadhari: inayotofautiana kwa joto na mwenzake wa upande wa pili wa ekseli ile ile ifunguliwe. Viungo vyote vipanguswe tena kwa karatasi baada ya safari ya kwanza ndefu, na mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea.